Pande Sita za Mwanzi

Kwenye dari ya nyumba ya babu, huku Bomet, kulikuwa na fimbo nyembamba ambayo sisi wajukuu tulidhani ni bakora. Mwaka niliotoka chuo bila digrii, niliishusha nikaipangusa vumbi. Kumbe si duara. Ina pande sita.

Ni fimbo ya kuvulia samaki. Babu alifanya kazi shamba la chai, na bosi mmoja Mzungu alipofunga virago akamwachia. Hao walipenda sana trauti, samaki ambaye hata si wa kwetu: Ewart Grogan alimleta kutoka Uskoti mwaka 1905, akamtia mto Gura kule Aberdare. Baadaye akafika hadi mito ya Kericho, kama Kiptiget.

Sasa angalia ufundi wake. Fundi hupasua mwanzi kuwa fito, akasawazisha vifundo, akazipasha moto zikauke na kunyooka. Kisha kila ufito hupigwa randa hadi uwe wa pembe tatu, nyuzi 60 kila pembe, ukizidi kuwa mwembamba kuelekea nchani. Upande wa nje hauguswi, manake nguvu ya mwanzi iko karibu na ganda. Fito sita zikigandishwa kwa gundi, unapata kitu kinachopinda bila kuvunjika.

Mwanzi wenyewe, unaoitwa Tonkin, ulitoka Guangdong, China. Marekani ilipofunga biashara na China mwaka 1950, mafundi wa huko walikosa mianzi, na faibaglasi ikateka soko.

Kinachoniuma ni hiki: msitu wa Mau una mianzi tele. Kikwetu tunaiita tegat. Mwaka 1986 serikali ilipiga marufuku kuivuna kwenye misitu yake. Sikatai, msitu ulihitaji kupumua. Mto Nyangores unaopita hapa Bomet unaanzia huko. Lakini mtoto asiyeukata mwanzi atajifunzia wapi kuupasua? Vikapu vya mwanzi vya kuchumia chai vimegeuka plastiki.

Nilimuuliza babu kama aliwahi kuvua na ile fimbo. Akacheka. "Mto ulikuwa na wenyewe," akasema.

Kupasua mwanzi, hata hivyo, anajua. Ua wake wote aliusuka mwenyewe. Juzi alinipa panga na mwanzi mmoja wa shambani kwake. Wangu uliharibika kwenye kifundo cha tatu. Akaniletea mwingine.