Mama na Wembe

Kwa Wamaasai, umri haukuhesabiwa kwa miaka bali kwa rika. Mvulana aliingizwa rika katika sherehe ya Enkipaata, akatahiriwa, akawa moran, yaani shujaa. Nywele alizifuga, akazisuka na kuzipaka ngeu. Siku ya sherehe ya Eunoto mama yake alimketisha juu ya ngozi ya ng'ombe, akamnyoa kipara. Wapo mashujaa waliolia hapo, na si kwa makali ya wembe. Uzee ulimngoja mbele, kwenye Olng'esherr, karamu ya nyama.

Mkataba wa 1904 na Waingereza uliwaachia Wamaasai maili tano za mraba miteremkoni mwa Kinangop kwa ajili ya tohara. Ukarimu gani huo! Mwaka 1911 ukaja mkataba mwingine, wakahamishwa kutoka Laikipia.

Mwaka 2018 UNESCO iliziorodhesha Enkipaata, Eunoto na Olng'esherr kuwa urithi unaohitaji kulindwa haraka.