Kenya: Mali ya wanandoa hugawanywaje baada ya talaka?

Nchini Kenya, wengi huamini kwamba ndoa ikivunjika kila mmoja huondoka na nusu ya mali. Sheria haisemi hivyo.

Ibara ya 45 ya Katiba ya mwaka 2010 inawapa mume na mke haki sawa wakati wa kufunga ndoa, wakati wa ndoa na ndoa inapovunjwa. Hata hivyo, kifungu cha 7 cha Sheria ya Mali ya Wanandoa ya mwaka 2013 kinagawa mali kulingana na mchango wa kila mmoja katika kuipata. Tarehe 27 Januari 2023, Mahakama ya Juu iliamua kwamba usawa huo hauna maana ya nusu kwa nusu. Anayedai sehemu yake sharti athibitishe mchango wake. Wasioisoma hukumu hiyo hadi mwisho husahau kwamba mke katika shauri hilo alipata nusu, ilhali Mahakama Kuu ilikuwa imempa asilimia 30 tu ya nyumba ya familia.

Mchango si fedha pekee. Sheria inataja pia kazi za nyumbani, malezi ya watoto, kuwa mwandani wa mwenzi, usimamizi wa biashara ya familia na kazi ya shambani. Hayo ni mageuzi makubwa, kwani mwaka 2007 Mahakama ya Rufaa ya Kenya ilikataa kuyahesabu. Tanzania ilikwisha kuyakubali mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ingawa Bi Hawa mwenyewe hakuambulia kitu: mahakama ilisema alikwisha kuifuja fedha ya biashara aliyopewa na mumewe.

Ugumu umo katika ushahidi. Aliyelipa mkopo wa benki ana stakabadhi. Aliyepika na kulea kwa miaka 15 hana. Huyo hutegemea mashahidi waliomwona akitenda. Hati yenye jina la mmoja haimalizi hoja, maana mali iliyopatikana wakati wa ndoa huchukuliwa kuwa ameishika kwa niaba ya mwenzake pia, hadi ithibitishwe vinginevyo. Waislamu wanaruhusiwa kufuata sheria ya Kiislamu.

Kutengana ni jambo jingine. Tanzania, kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinaruhusu mahakama kugawa mali hata inapotoa amri ya kutengana. Kenya, mgawanyo husubiri ndoa ivunjwe kisheria. Kabla ya hapo, mwanandoa anaweza tu kuiomba mahakama itamke haki yake katika mali fulani. Katika kipindi hicho chote nyumba ya familia haiwezi kuuzwa wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya wote wawili, na hakuna anayeweza kumfukuza mwenzake humo pasipo amri ya mahakama.