Azimio na Andalio

Kila mwalimu aliyepitia chuo cha ualimu hapa nchini anazijua karatasi mbili. Ya kwanza ni azimio la kazi, linaloonyesha mada zinazotakiwa ziwe zimefundishwa ifikapo mwisho wa muhula. Ya pili ni andalio la somo, linaloeleza hatua kwa hatua mwalimu atafanya nini ndani ya kipindi kimoja. Moja hutaja mwisho unaotakiwa. Nyingine hutaja njia ya kuufikia. Kwa miaka mingi niliwafundisha wanachuo kuzitofautisha karatasi hizi, na uzeeni nimeona kuwa tofauti hiyo hiyo inatusaidia kuielewa historia ya kompyuta.

Kizazi chetu kilichelewa kuzizoea mashine hizi. Kompyuta ya kwanza nchini iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta. Katazo hilo lilipokuja kuondolewa, wengi wetu tulizikuta mashine zikiwa zimekwisha kuwa na mila na desturi zake, wala hakuna aliyetusimulia zilikotoka.

Mwaka 1969, katika maabara za Bell huko Marekani, Ken Thompson na Dennis Ritchie walianza kuunda mfumo endeshi uitwao Unix. Mfumo endeshi ndio msimamizi wa mashine nzima: huwatambua watumiaji, huzigawia programu nafasi, huiamuru printa na mtandao. Ndani ya Unix kulikuwa na folda iliyoitwa etc, kifupi cha maneno ya Kilatini yenye maana ya "na vinginevyo". Ilikuwa kama droo ya meza ya mwalimu mkuu, ambamo kila kisicho na mahali pake hutupiwa. Polepole droo hiyo ikawa makao ya mafaili ya mipangilio: faili la majina ya watumiaji, faili la diski, faili la kazi zinazofanywa kwa saa maalumu. Ni maandishi ya kawaida ambayo mtu aweza kuyafungua na kuyabadilisha. Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, iliirithi droo hiyo.

Wema wa mpango huo ndio uliokuwa udhaifu wake. Leo fundi anabadilisha mstari mmoja ili printa ikubali. Mwakani fundi mwingine anaongeza mistari miwili. Baada ya miaka mitano mashine inafanya kazi, lakini hakuna ajuaye kwa nini inafanya kazi. Faili huonyesha hali ya leo tu. Halisemi nani alilibadilisha, lini, na kwa sababu gani. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Hapa Zuzu kipo kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa ambacho kiliweka hesabu zake kwenye kompyuta moja ya Linux. Fundi aliyeipanga alipata kazi Mwanza akaenda zake. Januari moja radi ilipiga, diski ikaungua. Nakala ya hesabu ilikuwapo kwenye diski ya akiba, kwa hiyo hakuna senti iliyopotea. Hata hivyo mashine mpya ilikataa kuzisoma hesabu hizo, kwa kuwa mipangilio yote ilikuwa kichwani mwa mtu mmoja. Wiki tatu zikapita huku akina mama wakingoja mikopo ya sare na madaftari, na shule zilikuwa zimekwisha kufunguliwa. Mali ilikuwapo na daftari lilikuwapo. Kilichokosekana ni maelezo ya kuifanya mashine ilisome daftari hilo.

Wataalamu walikwisha kuliona tatizo hili zamani. Mwaka 1993 Mark Burgess, akiwa Oslo, Norway, alitoa programu iitwayo CFEngine. Badala ya kuiandikia mashine hatua za kufuata, mtu aliielezea hali inayotakiwa, nayo ikajirekebisha mpaka iifikie. Mwaka 2003 Eelco Dolstra wa Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, alianza kazi ya Nix, akaitolea tasnifu ya udaktari mwaka 2006. Kutokana nayo ukazaliwa mfumo endeshi uitwao NixOS. Katika mfumo huu mashine nzima huelezwa katika faili moja au machache: programu zipi ziwemo, watumiaji ni akina nani, printa ipi, saa za nchi ipi. Mashine hulisoma azimio hilo na kujijenga yenyewe. Mafaili mengi ya droo ya etc huandikwa na mfumo wenyewe, na fundi hana ruhusa ya kuyachokoa kwa mkono. Kila ujenzi huhifadhiwa kama kizazi; cha leo kikiharibika, mashine huwashwa kwa kizazi cha jana.

Mjukuu wa jirani yangu, kijana aliyesomea mambo haya, alijitolea kuihamishia mashine ya kikundi kwenye mfumo huo. Nilimwuliza kwa nini asiibebe droo yote kama ilivyo.

"Babu," alinijibu, "nikiibeba yote nitakuwa nimehamisha takataka pamoja na vyombo."

Aliigawa droo mafungu matatu. Fungu la kwanza ni mafaili ambayo hakuna mtu aliyeyagusa. Hayo aliyaacha, kwa maana mfumo mpya una ya kwake. Linux ya aina ya Debian, iliyokuwa kwenye mashine ile, huweka alama ya kila faili la mipangilio lililokuja nayo, hivyo yaliyobadilishwa hutambulikana. Fungu la pili ni mistari iliyobadilishwa kwa mkono. Hiyo ndiyo ya kuandikwa katika azimio. Fungu la tatu si mipangilio hata kidogo: nenosiri, funguo za utambulisho wa mashine, na hesabu zenyewe. Nenosiri halifai kuandikwa wazi katika azimio, kwa kuwa ghala la Nix husomeka na kila mtumiaji wa mashine. Nazo hesabu haziokolewi na kizazi cha jana. Huokolewa na nakala.

Fungu la pili ndilo lililomchukua muda mrefu. Alikuta mstari unaoamuru nakala ya hesabu ichukuliwe saa nne asubuhi, siku ya Alhamisi. Akaona ni uzembe, maana kazi hiyo kwa kawaida hufanywa usiku. Kabla ya kuubadilisha alimwuliza katibu wa kikundi. Mama yule akacheka: usiku swichi kuu huzimwa na mlinzi, na Alhamisi ndiyo siku ya mkutano, ambapo mtu wa kuichomeka diski ya akiba huwapo. Kijana akauacha mstari kama ulivyo, akaandika sababu yake kando.

Kwa sisi watu wa Dodoma somo hili lina uzito wake. Februari 1967 Azimio la Arusha lilitangaza nchi tuliyoitaka. Mwaka 1971, nikiwa kijana, ikaja Operesheni Dodoma, na watu wakahamishwa kutoka makazi yaliyotawanyika kwenda vijiji vya Ujamaa. Mimi ni mwalimu. Siwezi kuidharau shule iliyosogezwa karibu na watoto. Lakini wenye matembe ya zamani walijua bonde lipi hufurika, shamba lipi lafaa uwele, na ng'ombe wapite wapi ukame ukiingia. Ujuzi huo haukuwa umeandikwa popote, na mara nyingi haukuulizwa. Mashine iliyokosewa hurudishwa kwenye kizazi cha jana. Kaya iliyokwisha kuliacha tembe lake hairudishwi kwa kubonyeza kitufe.

Kwa hiyo ninaliheshimu azimio, la mashine na la kazi pia, kwa sharti moja: litanguliwe na kuuliza. Anayetangaza mwisho bila kuhesabu kilichopo anaandika matakwa yake tu. Azimio la kikundi kile sasa limechapwa, na lina kurasa nne. Nakala moja iko ndani ya sanduku la mhazini pamoja na vitabu vya akiba, na kila mstari wa ajabu una sababu yake kando.