Bolero: Anayejisalimisha Ndiye Anayedai

Msikilizaji wa Afrika Mashariki aliyelelewa na santuri za Kikuba anaijua zaidi midundo ya kuchezea, ile iliyomfanya Salum Abdallah aiite bendi yake ya Morogoro Cuban Marimba. Bolero, ndugu wa midundo hiyo mwenye mwendo wa pole, haikupata mashabiki wengi kwetu, pengine kwa kuwa uzito wake umo katika maneno ya Kihispania. Ilizaliwa Santiago de Cuba, miongoni mwa wapiga gitaa ambao mchana walikuwa mafundi wa mikono. José “Pepe” Sánchez, anayehesabiwa kuwa baba yao, alikuwa fundi cherehani, na wimbo wake Tristezas, wa miaka ya 1880, ndio unaotajwa kuwa bolero ya kwanza. Tangu hapo mtu husimama akakiri kwamba moyo wake hauko tena mikononi mwake. Wengi husikia humo unyonge. Ukiichunguza historia yake, utakuta madai makubwa yaliyovaa unyenyekevu.

Tumtazame mtunzi Agustín Lara wa Mexico. Kabla ya kuvuma alipiga piano katika madanguro na vilabu vya usiku vya Mexico City, na wanawake wengi aliowatukuza kama malkia ni wale ambao jamii haikutaka kuwaona mchana. Redio ya XEW ilipofunguliwa mwaka 1930, utukuzaji huo uliingia sebuleni mwa familia za heshima. Wakuu wa elimu wakaona ni upotovu, nyimbo zake zikapigwa marufuku shuleni. Unyonge mtupu hausumbui serikali. Kilichowaudhi ni mwanamume kumvika kahaba taji hadharani. Atatokea wa kupinga, akisema kwamba kupiga magoti kwa mwanamume ni mchezo tu: wimbo ukiisha anainuka na mamlaka yake yote, mwanamke anabaki na sifa. Kwa Lara pingamizi hilo lina nguvu. Linalegea tunapofika kwa watunzi wanawake. María Grever alitunga Júrame, yaani “niapie”, na Consuelo Velázquez, mpiga piano aliyesomea muziki wa kumbi za heshima, akatunga Bésame mucho, “nibusu sana”, wakati ambapo, kwa simulizi yake mwenyewe, hakuwa amewahi kubusiwa. Nyimbo zote mbili zimeitwa kwa amri. Katika jamii ya Kikatoliki iliyomtaka msichana angoje kuposwa, kukiri kwamba ameshindwa na mapenzi kulimpa nafasi ya kutamka anachokitaka.

Wapo pia wanaosema hisia hizi zilibuniwa na kampuni za santuri. Biashara ilizieneza, hilo halina ubishi: Trío Los Panchos, walioungana New York mwaka 1944, walizifikisha Amerika ya Kusini yote, naye mwimbaji Luis Miguel akawauzia vijana nyimbo za enzi za babu zao katika albamu ya Romance ya mwaka 1991. Lakini mafundi wa Santiago waliimba hivyo kabla redio haijakuwapo. Santuri ilichofanya ni kuubana wimbo utoshe dakika tatu, na kwa maoni yangu iliufaa, maana kukiri kukirefushwa huwa manung'uniko. Na nchi ile ile ambayo maofisa wake wa elimu walizifungia nyimbo za Lara ilikuwa, pamoja na Cuba, miongoni mwa waombaji walioifanya UNESCO iitambue bolero kuwa urithi wa binadamu mwaka 2023.