Igizo dhima: mama na viongozi wanapojifunza kuamua pamoja kuhusu afya ya mtaa

Mvua za masika zikinyesha Mbagala au Tandale, wewe mama ndiye unayeona mambo mapema. Choo cha jirani kimetapishwa, kisima kimeingia maji machafu, mtoto ameanza kuharisha. Afisa afya wa kata anaweza kupata habari hizo siku kadhaa baadaye, na wakati huo kipindupindu huwa kinasambaa. Mlipuko wa Agosti 2015 ulianzia Dar es Salaam, wilayani Kinondoni, kisha ukaenea mikoa mingine mingi.

Igizo dhima husaidia kuziba pengo kati ya anayeona tatizo na anayetoa uamuzi, kabla ugonjwa haujaingia.

Igizo dhima ni nini?

Ni zoezi ambalo watu hupewa tukio la kubuni, kila mmoja akashika nafasi ya mhusika fulani na kuamua kama vile tukio ni la kweli. Hakuna maneno ya kukariri.

Serikali nazo hufanya mazoezi ya namna hii. Juni 2019, Tanzania na Kenya zilifanya zoezi la pamoja katika mpaka wa Namanga chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Walijifanya kwamba kuna mlipuko wa homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa unaotoka kwa mifugo kwenda kwa binadamu. Wataalamu wa afya, wa mifugo na watumishi wa mpakani walipima kama wanaweza kufanya kazi pamoja.

Mnawezaje kulifanya mtaani?

1. Waalikeni wahusika. Akina mama na walezi, mwenyekiti wa mtaa, mtendaji, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, muuza maji na, ikiwezekana, mganga mfawidhi wa zahanati.
2. Chagueni tukio. Kwa mfano: ni Jumamosi usiku, bomba halijatoa maji kwa siku tatu, na watoto wawili wa nyumba moja wanaharisha majimaji.
3. Badilishaneni nafasi. Mama awe afisa afya. Mwenyekiti awe mama mwenye mtoto mgonjwa, asiye na nauli ya bodaboda.
4. Igizeni kwa dakika 20. Nani anampigia nani simu? Nani anatoa dawa ya kutibu maji? Nani ana mamlaka ya kufunga kisima?
5. Kaeni mjadili. Taarifa ilikwama wapi? Nani hakuulizwa kabisa?

Mwenyekiti aliyekaa kwenye nafasi ya mama huona kwamba kusema "mpeleke hospitali" hakutoshi. Mama aliyeshika nafasi ya afisa afya naye huelewa kwa nini afisa anahitaji kujua idadi ya wagonjwa na nyumba wanazoishi.

Baada ya igizo

Bila hatua zinazofuata, igizo hubaki burudani. Andikeni mambo matatu mliyokubaliana, nani atayatekeleza na lini. Yapelekeni kwenye mkutano wa mtaa, na mwombeni mtendaji ayafikishe kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambako diwani hukaa. Kwenye mkutano unaofuata, ulizeni yamefikia wapi.

Mambo ya kuzingatia

- Msitumie jina wala kisa cha mgonjwa wa kweli wa mtaani.
- Msimdhihaki mtu kwa nafasi aliyopewa.
- Wapeni nafasi ya kuzungumza walio kimya, hasa mabinti wenye watoto wadogo na bibi wanaolea wajukuu.

Kumbuka: mtoto wako akiharisha kweli, usisubiri kikao. Mpe maji ya ORS yaliyochanganywa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, ukitumia maji safi na salama. Endelea kumnyonyesha. Akiharisha majimaji mfululizo, akilegea, macho yakididimia au akishindwa kunywa, mpeleke kituo cha afya mara moja, na endelea kumpa ORS njiani kama anaweza kunywa.