ALMASI YA MWADUI, Utafutaji wa

Ni kazi ya kusaka asili ya almasi katika nyika za kaskazini mwa Tanzania, ambayo mfano wake mashuhuri ni ule wa Dkt. John Thoburn Williamson, mwanajiolojia mzaliwa wa Kanada (1907–1958), ambaye, baada ya kuacha kazi ya kuajiriwa na kupekua nchi ya Usukuma kwa miaka kadhaa, huku homa na ufukara vikimwandama, alifika Mwadui, Shinyanga, mwaka 1940, akaupata muradi wake.

Mtafutaji hodari haanzi na almasi yenyewe, kwani ni adimu mno; huchota changarawe, akaiosha na kuichekecha, akitazama chembe nyeusi za ilmenaiti na nyekundu za garneti, masahaba wa almasi, kisha akafuata athari zake hadi kwenye mwamba wa kimbalaiti uliopanda kutoka vilindi vya ardhi. Kwa kanuni hiyo hiyo ziligunduliwa almasi za Kanada ya kaskazini, penye barafu, mwaka 1991.

Mwamba huo wenye almasi hukaa hasa katika magamba makongwe ya bara, na Shinyanga imo. 

Mwaka 1947 mgodi wa Williamson huko Mwadui ulitoa almasi ya waridi ya karati 54.5, ambayo Williamson alimtunukia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kwa arusi yake. Ilipokatwa zikabaki karati 23.6. Williamson alifariki bila kuoa, na mgodi ukanunuliwa kwa ubia na Serikali ya Tanganyika na kampuni ya De Beers.