Kibarua, Mnyapara na Ndugu Meneja: Historia ya Usimamizi wa Kazi katika Msamiati wa Kiswahili

Somo la mwenendo wa watu katika taasisi kwa kawaida huanzia Marekani: kwa Frederick Taylor na kitabu chake cha mwaka 1911, kisha kwa tafiti za Hawthorne zilizofanyika karibu na Chicago kati ya 1924 na 1932. Mpangilio huo humfanya mwanafunzi wa Afrika Mashariki adhani kwamba eneo lake halina kumbukumbu ya namna watu walivyoongozwa kazini. Makala haya yanaonyesha kwamba kumbukumbu hiyo ipo, na kwamba sehemu yake imehifadhiwa katika msamiati wa Kiswahili.

Kimofolojia, kibarua ni udogo wa barua. Katika miji ya pwani ya karne ya 19, mfanyakazi wa kutwa alipewa cheti kidogo alichokirudisha wakati wa kupokea ujira. Baadaye jina la cheti lilihamia kwa kazi yenyewe, kisha kwa mtendaji wake. Neno kipande nalo lilibeba mifumo miwili. Katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika, kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi, na ujira ulisubiri kadi ijae. Nchini Kenya, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kilikuwa hati ya lazima ya usajili ambayo wanaume Waafrika waliivaa shingoni ndani ya kikebe cha bati. Katika mifumo yote miwili mwajiri aliijua karatasi kabla ya kumjua mtu.

Historia ya mnyapara ina mkondo tofauti. Katika misafara ya Wanyamwezi, mnyampara alikuwa mkuu wa kundi la wapagazi, na heshima yake ilitokana na watu aliosafiri nao. Katika mashamba ya kikoloni neno hilo lilikuja kumtaja msimamizi aliyewekwa na mwajiri kuwachunga wengine. Cheo kilibaki, lakini chanzo cha mamlaka yake kilibadilika. Ndiyo maana neno unyapara linapotajwa leo husikika kama lawama.

Lawama hiyo iliingia katika siasa baada ya uhuru. Sheria ya mwaka 1964 ilianzisha kamati za wafanyakazi nchini Tanzania, na waraka wa Rais wa mwaka 1970 ukaelekeza kuundwa kwa mabaraza ya wafanyakazi. Mwezi Februari 1971, TANU ilitoa Mwongozo, ambao kifungu chake cha 15 kilimkataza kiongozi kuwa na majivuno, ubadhirifu, dharau na uonevu. Meneja, ambaye sasa aliitwa ndugu, alipata kipimo ambacho hata aliye chini yake angeweza kukitumia.

Wafanyakazi walikitumia. Migomo ya miaka ya 1971 hadi 1973, ambayo Issa Shivji aliichambua katika kitabu chake cha mwaka 1976, haikuhusu mishahara pekee. Malalamiko mengi yalikuwa juu ya matusi, ubabe na kudharauliwa. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, walikitwaa kiwanda na kukiendesha wenyewe. Hata hivyo, uvumilivu wa dola ulikuwa na mipaka, na kwingineko waliogoma walifukuzwa kazi. Mwongozo uliwapa wafanyakazi lugha ya kudai heshima, lakini haukuwapa chombo cha kuilinda heshima hiyo pale dola ilipogeuka.

Funzo la historia hii linawahusu watunga sera wa sasa. Katika ofisi nyingi, istilahi utumishi inapisha rasilimali watu. Ya kwanza humtaja mtu kwa kazi anayoitumikia. Ya pili humhesabu pamoja na mali ya taasisi. Aliyeitwa kwa jina la cheti chake zamani ana sababu ya kuuliza kwa nini sasa anaitwa kwa jina la mtaji.

Kwa hiyo, mambo mawili yanapendekezwa. Kwanza, istilahi za usimamizi zijaribiwe kwa wale wanaosimamiwa kabla ya kusanifiwa. Pili, taratibu za malalamiko kazini zitambue dharau kuwa kosa linalojitegemea, badala ya kusubiri lipewe sura ya dai la mshahara. Miaka ya 1971 hadi 1973 inaonyesha kwamba dharau isiyo na mahali pa kusemewa huishia kwenye lango la kiwanda.